Kumwona daktari wa afya ya akili kwa njia ya simu

Tukimaliza kipindi cha afya cha jioni, tunabaki studio kusoma ujumbe ulioingia kwenye simu. Wa malaria upo, wa presha upo. Lakini ujumbe mrefu kuliko wote, ule unaotumwa usiku redio ikiwa imeshahamia kwenye muziki, mara nyingi unahusu akili. Na hauendi moja kwa moja. "Nina rafiki yangu hapati usingizi, mwezi wa pili sasa." "Mdogo wangu tangu arudi kutoka mjini anaongea peke yake." "Kuna mtu namfahamu amechoka kuishi, afanyeje?" Tumeshajifunza kwamba huyo rafiki wakati mwingine ndiye mwenye simu.

Siku hizi limeongezeka swali jingine: ni kweli mtu anaweza kutibiwa na daktari wa afya ya akili kwa simu, bila kusafiri? Ni kweli. Inawezekana kwa mambo mengi, ingawa si kwa yote, na matokeo yanategemea sana wewe umejiandaa vipi huku uliko. Hayo ndiyo tunayoyaeleza hapa.

Nauli ndiyo inayokatisha dawa

Hospitali ya Mirembe iko Dodoma. Lutindi iko Korogwe, Kidongo Chekundu iko Zanzibar. Madaktari bingwa wengine wa afya ya akili wako kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam, Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi. Sasa chukua ramani uangalie Ludewa iko wapi. Kutoka vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa mpaka Dodoma unapitia Njombe, Makambako na Iringa, na kuna kulala njiani. Mgonjwa wa akili hasafiri peke yake, kwa hiyo nauli ni ya watu wawili, chakula cha watu wawili, na malazi vilevile.

Mama mmoja anayetusikiliza alitupigia akaeleza jinsi kijana wake alivyotoka hospitali akiwa mzima kabisa, anachota maji, anacheka na wadogo zake. Alipewa karatasi ya marudio ya kila mwezi. Marudio ya kwanza mama aliuza mahindi. Ya pili akakopa. Ya tatu mvua ilikuwa imekata barabara na hela haikuwepo, akasema kijana si amepona, tutaenda mwezi ujao. Dawa zikaisha. Haikupita muda kijana akaanza tena kulala porini. Mama yule hakuwa mzembe, na wala hakuikataa hospitali akakimbilia kwa mganga. Alishindwa na nauli tu.

Hapo ndipo simu inapoleta maana. Ugonjwa kama skizofrenia au ule wa hisia kupanda na kushuka, ambao madaktari huuita baipola, unahitaji kufuatiliwa kwa miezi na miaka. Sehemu kubwa ya marudio ni mazungumzo: unalala vipi, sauti bado unazisikia, dawa unazimeza, mikono inatetemeka? Maswali hayo yanaulizika kwa simu.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1959 huko Nebraska, Marekani, madaktari wa akili walianza kutumia televisheni ya pande mbili kufanya tiba, na miaka michache baadaye wakaiunganisha na hospitali iliyokuwa umbali wa kilomita 180 hivi. Kuna pia utafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani uliochapishwa mwaka 2012. Watu 325 wenye sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, waligawanywa makundi mawili: wengine walipewa tiba ya mazungumzo kwa simu, wengine ana kwa ana. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Waliokuwa wakienda ofisini waliacha tiba katikati karibu 33 katika kila 100, wa simu waliacha 21. Lakini miezi sita baada ya tiba kwisha, wale waliokuwa wakionana na mtaalamu uso kwa uso walikuwa na hali nzuri kidogo kuliko wenzao wa simu. Kwa hiyo simu inasaidia mtu asikate tiba, ila kuonana ana kwa ana nako kuna faida yake. Ukiweza kuvichanganya, vichanganye.

Anza na zahanati ya karibu

Tungependa usianze na simu. Mtu anapobadilika tabia kwa mara ya kwanza, apimwe kwanza mwili, na mwili haupimwi kwa WhatsApp. Malaria kali inaweza kumfanya mtu aweweseke na kupiga kelele kama mwenye kichaa. Homa ya uti wa mgongo vilevile. Upungufu wa damu unaleta uchovu unaofanana na sonona. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi mtu anakosa usingizi, anatetemeka, moyo unamwenda mbio, na watu wanasema ana wasiwasi. Yote haya mganga wa zahanati au kituo cha afya anaweza kuanza kuyachunguza, au kukuandikia rufaa.

Ukifika hospitali ya wilaya, uliza kama kuna mratibu wa afya ya akili. Mara nyingi yupo, ni muuguzi au tabibu, ila hana bango mlangoni. Wapo pia watabibu wa kawaida waliofundishwa kutibu magonjwa ya akili ya kawaida kwa kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ambalo lilianzisha mpango huo mwaka 2008 kwa kujua kwamba nchi nyingi hazina mabingwa wa kutosha. Mtu mwenye sonona au wasiwasi anaweza kupona akiwa mikononi mwa hawa hawa, bila kumwona bingwa.

Kama bingwa anahitajika, njia iliyo bora kwa mara ya kwanza ni ile ya watu watatu: mgonjwa amekaa hospitali ya wilaya au ya mkoa, pembeni yake yuko tabibu wa pale, na bingwa yuko kwenye skrini kutoka hospitali kubwa. Serikali inauita mpango huu tiba mtandao. Siyo kila hospitali inao, na hata penye mashine, mtandao nao una siku zake. Uliza. Faida yake ni kwamba yule wa pale anaweza kumshika mgonjwa mkono, kumpima presha, na kesho akawa ndiye anayempa dawa. Baada ya hapo marudio mengine yanaweza kufanyika kwa simu ukiwa nyumbani, ukirudi kuonana ana kwa ana kila baada ya miezi kadhaa kadiri daktari atakavyopanga.

Mambo yasiyosubiri miadi

Kuna hali ambazo ukituma ujumbe ukasubiri kujibiwa, unapoteza muda wa kuokoa mtu. Mwenye homa na kuchanganyikiwa kwa ghafla apelekwe kituo cha afya sasa hivi. Mama aliyejifungua siku au wiki chache zilizopita, akaanza kukosa usingizi kabisa, kusema maneno yasiyoeleweka au kumwona mtoto wake kama adui, huyo ni mgonjwa wa dharura. Asiachwe peke yake na mtoto, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Degedege inayopita dakika tano bila kukoma ni dharura. Mnywaji wa kila siku, awe wa ulanzi au wa gongo, akiacha ghafla kisha akaanza kutetemeka, kutoka jasho na kuona vitu ambavyo havipo, anaweza kufa. Msimfungie ndani mkisubiri "pombe imtoke".

Na mtu anayesema anataka kufa. Wengi wanaogopa kumuuliza waziwazi, wakidhani watampa wazo ambalo hakuwa nalo. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Muulize kwa upole kama anafikiria kujiua, na akisema ndiyo, asibaki peke yake hata kwenda chooni. Dawa za kuulia wadudu wa shambani, ambazo kwetu huku kila nyumba inazo kwa ajili ya viazi na mahindi, zitolewe zipelekwe kwa jirani na zifungiwe. Kisha mwende kituo cha afya, hata kama ni kwa bodaboda usiku. Mnaweza kumpigia daktari mkiwa njiani, lakini msikae nyumbani kungoja apokee.

Daktari wa kweli na wale wa "tuma kwenye namba hii"

Kila Mtanzania mwenye simu ameshapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ndugu zao wako pia kwenye tiba. Ukitafuta mtandaoni unaona picha ya mtu kavaa koti jeupe, ana kipimo shingoni, anaahidi kuondoa kichaa kwa siku saba, dawa inatumwa kwa basi, malipo kwanza. Tumeshapokea malalamiko ya watu waliotuma hela ya mbuzi wakapata chupa ya unga usio na jina.

Daktari kwa Tanzania Bara lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Muulize jina lake kamili na namba yake ya usajili, kisha uulize kwenye baraza lenyewe au umwombe mganga wa hospitali yako ya wilaya akusaidie kuhakikisha. Daktari wa kweli hakasiriki kwa swali hilo. Muulize pia anafanya kazi hospitali gani, ili ukizidiwa ujue pa kwenda. Na jua unazungumza na nani: daktari bingwa wa afya ya akili anaweza kuandika dawa, mwanasaikolojia na mshauri nasaha wanatibu kwa mazungumzo, hawaandiki dawa. Wote wana kazi yao, ila usilipie kimoja ukidhani unapata kingine.

Malipo ya hospitali ya umma hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali unayopewa, siyo kwa namba binafsi ya mtu. Kwa hospitali na kliniki za binafsi, uliza bei kabla, uliza muda utakaopewa ni dakika ngapi, na dai risiti. Mwenye bima aulize mapema kama bima yake inalipia miadi ya simu, asije akakuta jibu baada ya kuhudumiwa. Asiyeweza kulipa hospitalini amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo. Maombi ya msamaha hupitia kwake.

Utaongelea wapi?

Hili ndilo swali ambalo waandishi wa mijini hawalifikirii. Wanasema "kaa chumba tulivu chenye intaneti nzuri". Sisi tunajua vijiji ambavyo mtandao unashika sehemu moja tu, kwenye jiwe fulani juu ya shule au chini ya mti fulani, na pale ndipo kijiji kizima kinapopigia simu. Utasimama pale umweleze daktari kwamba unasikia sauti, na nyuma yako kuna foleni?

Yapo ya kufanya. Kwanza, si lazima iwe video. Sauti peke yake inatosha kwa marudio mengi, inakula bando kidogo, na hata simu ya kitochi inafaa. Daktari akihitaji kukuona uso au kuona mikono inavyotetemeka, mnaweza kupanga video mara moja moja. Pili, nenda kwenye zahanati au ofisi ya kijiji kama mtandao unafika, uombe chumba kwa nusu saa. Mganga mwenye moyo hakunyimi. Tatu, chagua saa ambayo watu wako shambani. Dada mmoja alituambia yeye huwa anaweka miadi saa nne asubuhi, anapanda na jembe begani kama anayekwenda palizi, anakaa kwenye ukingo wa shamba lao ambako mtandao unashika, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mwanzoni mwa mazungumzo mwambie daktari uko wapi na nani yuko karibu. Pangeni neno la siri. Ukisema, kwa mfano, "mahindi yamekauka", yeye ajue kuna mtu ameingia, abadilishe mada au akate akupigie baadaye. Hili ni muhimu zaidi kwa mwanamke ambaye anayemuumiza anaishi naye nyumba moja. Mpe daktari pia jina la kijiji na namba ya mtu mmoja unayemwamini, ili hali ikiwa mbaya katikati ya simu ajue amtafute nani. Mkubaliane na nani atapiga tena mtandao ukikatika. Bila makubaliano kila mmoja atakuwa anampigia mwenzake na wote mnakuta simu inatumika.

Chaji simu jana yake. Kama unachajia dukani kwa jirani mwenye sola, ichukue mapema. Simu ya kuazima si mwiko, ila ujumbe wa daktari utabaki humo, kwa hiyo ufute kabla hujairudisha, au mwombe daktari asiandike chochote, apige tu. Usikubali mazungumzo yarekodiwe bila kuelezwa kwa nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya yako kuwa taarifa nyeti, zinazohitaji ulinzi wa pekee, na anayezipokea anawajibika kuzitunza.

Kuhusu maneno yenyewe, yaandike kwenye karatasi kabla, maana simu ikipokelewa mtu anasahau. Andika tatizo lilianza lini, kabla yake kulitokea nini, usingizi ukoje, chakula kikoje, unakunywa au kuvuta nini na kiasi gani. Usimfiche daktari bangi wala dawa ya mganga. Anahitaji kujua kilichomo mwilini. Weka pakiti zote za dawa mbele yako, usome majina kama yalivyoandikwa. "Kile kidonge cheupe kidogo" hakimsaidii mtu aliye Dodoma. Pitia zahanati siku moja au mbili kabla, upimwe uzito na presha, uandike namba hizo.

Ndugu akae au atoke? Mgonjwa aanze peke yake, kama hali inaruhusu, kisha ndugu aingie mwishoni aeleze anachokiona yeye. Tumesikia wazee wanaoshika simu mwanzo mpaka mwisho, mgonjwa hasemi hata neno, na daktari anakuwa amemtibu mzee.

Dawa baada ya simu kukatwa

Daktari atakuandikia cheti, na wengi hukituma kama picha kwenye simu. Kabla hujaagana naye muulize dawa hizo zinapatikana wapi karibu nawe. Usitegemee kuzipata zote kwenye duka la dawa muhimu la kijijini, na famasi nyingine hukataa cheti kilichoko kwenye simu, hasa kwa dawa zinazodhibitiwa kama diazepam. Njia salama ni daktari awasiliane na hospitali yako ya wilaya, dawa ziandikwe kwenye faili lako pale. Kuna pia dawa ya sindano, fluphenazine, inayochomwa takriban mara moja kwa mwezi kwa mgonjwa anayesahau au kukataa vidonge. Hiyo muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuichoma kwa maelekezo ya bingwa, na kwa familia nyingi imekuwa nafuu kubwa kuliko kugombana kila usiku juu ya kidonge.

Vidonge vya sonona, kama fluoxetine na amitriptyline, havifanyi kazi kama panado. Huchukua wiki mbili hadi nne kabla hujaona tofauti. Wengi wanaacha wiki ya kwanza wakisema dawa haifai. Ukimeza haloperidol kisha shingo ikakaza, macho yakapanda juu au taya likagoma, si uchawi, ni madhara ya dawa na yana dawa yake. Mpigie daktari na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Carbamazepine ikikutoa vipele mwilini usimeze kidonge kingine kabla hujaonwa. Dawa hiyo pia hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Mwanamke aliye kwenye umri wa kuzaa anayeandikiwa sodium valproate amuulize daktari waziwazi kuhusu mimba, kwa sababu dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto tumboni. Atakayeandikiwa lithium lazima awe mahali anapoweza kupimwa damu. Bila kipimo hicho ni dawa ya hatari, na hapo simu peke yake haitoshi.

Ukijisikia umepona, usiache dawa kabla ya kuongea na aliyekuandikia. Na zikibaki za wiki moja, hapo ndipo pa kupiga simu ya kupanga miadi nyingine, usingoje ziishe.

Wizara ya Afya inapokea simu bila malipo kupitia 199. Kwa mtoto, au mtu mzima mwenye wasiwasi juu ya mtoto, Huduma ya Simu kwa Mtoto ni 116, nayo ni bure. Simu hizi hazichukui nafasi ya hospitali, ila zinaweza kukuelekeza. Ujumbe wenu kwa studio tunaendelea kuusoma, na jina lako hatulitaji hewani hata kama umeliandika.